Barua ya wazi kwa walimu wa Kiingereza mlio ughaibuni

Wanangu, wadogo zangu, na ninyi wa rika langu ambao bado mnasaini mikataba ya mwaka mmoja mmoja,

Nimerudi wiki iliyopita kutoka Thailand. Nilikwenda kumwona mgonjwa, mwalimu niliyemfunza kazi mwenyewe zamani, aliyeanguka na pikipiki akavunjika nyonga na paja. Nimekaa siku nne nikingoja hasira zipoe ndipo niandike. Hazikupoa, kwa hiyo mtanivumilia.

Asubuhi ya pili daktari alipita wodini. Alisimama miguuni pa kitanda, akamsalimu mgonjwa kwa kichwa, kisha akamgeukia binti wa mgonjwa, mtoto wa miaka tisa aliyevaa sare ya shule, akaanza kueleza. Alieleza dakika mbili tatu hivi. Aligusa nyonga yake mwenyewe, akashuka mpaka gotini, akanyanyua vidole vitatu. Mtoto akawa anaitikia. Mwisho akamgeukia baba yake, akasema kwa Kiingereza safi, "Anasema utapona, ila usiwe na haraka." Basi. Vile vidole vitatu havikutafsiriwa. Jioni muuguzi mmoja anayejua Kiingereza aliniambia ni upasuaji mara tatu zaidi, na kwamba huenda mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwenzake. Mtoto alikuwa ameelewa yote. Aliamua peke yake kipi baba akisikie na kipi akibebe yeye.

Baba huyo ana miaka 11 katika nchi ile. Miaka 11 anaamka na kusimama mbele ya watoto wasiopungua arobaini, awafundishe kusoma, kuandika na kusema lugha isiyo ya mama zao. Kazi hiyo anaiweza, nimemwona darasani. Yeye mwenyewe hawezi kusoma maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Kithai chake ni cha kuagiza chakula na kumwelekeza dereva.

Hilo ndilo linaloniuma, na nitalirudia hata nikiwachosha. Ninyi mnauza lugha. Mnawaambia wanafunzi kwamba lugha ni ufunguo, mnawakemea wakiona haya kuongea, mnawaambia wakosee bila kuogopa. Kengele ikilia mnarudi nyumba zenu mkiwa mabubu, na mwaka wa pili, wa tano, wa kumi mnabaki mabubu vilevile. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nanyi hamtaki kuinama.

Tuchukue fedha, kwa kuwa ndiyo wengi mliyoifuata, wala si aibu kuifuata. Mnaulizana wapi wanalipa vizuri. Nchi za Ghuba hazikati kodi ya mapato, na mara nyingi nyumba na tiketi ni juu ya mwajiri. Korea Kusini shule nyingi hukupa pa kulala, na ukitimiza mwaka sheria inakupa kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mmoja. Hayo mnayajua. Ila fedha ya ughaibuni haimo kwenye ile tarakimu kubwa ya juu, imo kwenye vifungu vya chini. Falme za Kiarabu hukokotoa kiinua mgongo kwa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo. Mshahara wa msingi, si marupurupu. Mwajiri akikuandikia msingi mdogo na posho nono, kila mwezi utaona umelingana na mwenzako, na siku ya kuondoka ndipo utakapojua ulipunjwa tangu siku ya kwanza. Korea wako wenye shule wanaomtimua mwalimu mwezi wa 11 ili wasimlipe kile kiinua mgongo. Michango ya pensheni ya huko, Mmarekani na Mkanada hurudishiwa wakiondoka, lakini Mwingereza aliyekaa nao ofisi moja harudishiwi. Na Saudi Arabia sheria ya kazi iko wazi kwamba nakala ya Kiarabu ya mkataba ndiyo yenye nguvu. Hata kama ya Kiingereza mkononi mwako inasema vingine, inayoshinda ni ya Kiarabu. Nimewauliza walimu wengi waliofanya kazi huko kama walitafuta mtu wa kuwasomea ule upande wa Kiarabu kabla ya kusaini. Waliosema ndiyo hawajazi vidole vya mkono mmoja.

Mgonjwa wangu aliniomba nimletee jalada lake la karatasi kutoka nyumbani. Ndani yake kulikuwa na mikataba 11, mmoja kwa kila mwaka, yote ya miezi kumi. Miezi miwili ya likizo hakulipwa, kila mwaka, na hakuwahi kuijumlisha. Niliijumlisha mbele yake. Ni miezi 22, karibu miaka miwili kamili bila mshahara, naye siku zote akijisifu kwamba maisha kule ni rahisi. Alinyamaza, akageukia ukutani.

Nyumba ya mwajiri nayo ina mambo yake. Kampuni ya Nova, iliyokuwa na mtandao mkubwa kuliko wote wa shule za Kiingereza nchini Japani, ilianguka Oktoba 2007. Maelfu ya walimu wa kigeni walibaki bila mishahara, na wapo waliotakiwa kuhama, maana kodi ya pango ilikuwa ikikatwa kwenye mishahara yao bila kumfikia mwenye nyumba. Anayekulipa, anayekulaza na anayeshikilia viza yako wakiwa mtu mmoja, kuwa na akiba ya miezi mitatu mahali ambapo mkono wake haufiki.

Kuhusu starehe sina mengi. Wazee walisema mgeni ni kuku mweupe. Anaonekana kila anapopita, na miezi ya mwanzo kuonekana huko kunalewesha. Unaombwa picha, unasifiwa sura, unakaribishwa meza za wakubwa ambao kwenu wasingekuitikia salamu. Kijana wa miaka 24 anajiona amekuwa mtu mashuhuri. Hakuna aliyemwambia kwamba sifa hizo hazijamhusu yeye, na kwamba atakayefuata baada yake atapewa zilezile.

Sasa mapenzi. Hapa nisubirini kidogo.

Thailand mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi. Fleti anaweza, ili mradi sehemu ya wageni isizidi asilimia 49 ya jengo, lakini kiwanja hapana. Mgeni mwenye mke Mthai, mke anapotaka kununua kiwanja, hutakiwa kusaini tamko katika ofisi ya ardhi kwamba fedha za ununuzi ni mali ya mke peke yake. Karatasi hiyo ilikuwamo kwenye jalada. Sahihi yake iko chini kwa wino wa bluu, kubwa, ya mtu mwenye furaha, na juu yake kuna aya mbili za Kithai. Nilimwuliza zinasema nini. Akasema ni za kuthibitisha kwamba wao ni mume na mke. Muuguzi alipotusomea, mgonjwa wangu alimwomba arudie. Akarudia.

Akiba yake yote iko kwenye nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja hicho, na ndoa ilivunjika miaka miwili iliyopita.

Najua wengi mmeshaanza kumtukana yule mwanamke moyoni. Acheni. Nilimkuta hospitalini. Ndiye aliyekuwa akimletea nguo safi, ndiye aliyemleta mtoto kila siku kabla ya shule. Aliniambia kwamba siku ile ofisini alimweleza mumewe mara mbili, kwa Kiingereza chake cha dukani, naye mume akacheka, akambusu, akasaini. Hakuibiwa. Sheria ilikuwa imeandikwa, mke alikuwa akisema, karatasi ilikuwa mbele yake. Asiyesikia alikuwa ni yeye.

Ndoa ngapi za namna hiyo nimeziona! Miaka nane ndani ya nyumba, na lugha ni ile ya mgeni tu. Mmoja anaongea kwa raha, anatania, anabishana, anashinda. Mwingine anatafuta maneno. Mtu akikosea sarufi katikati ya ugomvi nawe ukamsahihisha, umeshamwambia nani mkubwa humo ndani. Mnamwita mkimya, mpole, mwenye haya. Mngejua anavyochekesha kwa lugha yake! Mngemsikia akiongea na dada zake jikoni! Mmeoa nusu ya mtu, na hiyo nusu ndiyo mnayojivunia kwa wenzenu kwamba haina makelele. Mimi nawaambia kwa uchungu wote: kama huwezi kugombana na mwenzako kwa lugha yake, bado hujamjua, na usijenge nyumba juu ya mtu usiyemjua.

Halafu kuna wanaochagua wapenzi kwenye orodha ya mahudhurio. Msinieleze kwamba ni watu wazima. Anayesahihisha mitihani na anayesahihishiwa hawako sawa, hata kama mmoja ana miaka 30 na mwingine 35. Subiri kozi iishe, umpe alama zake, apate mwalimu mwingine, kisha mtafute kama mwanaadamu. Akikukataa siku hiyo ndipo utajua yale macho yalikuwa ya nini.

Mtoto akizaliwa, sheria za nchi ya watu zinaingia chumbani mwenu. Japani, kwa miongo mingi, wazazi wakiachana mtoto alibaki chini ya mzazi mmoja kisheria, na wageni wengi wakawa hawawaoni watoto wao. Bunge lao lilipitisha malezi ya pamoja mwaka 2024, baada ya watoto wengi kukua. Ulizeni mapema, wakati bado mnapendana.

Na ninyi mabinti, najua barua za aina hii huandikwa kama vile wanaokwenda ni wanaume peke yao. Wenzenu wa kiume wanarudi na hadithi, ninyi mnarudi na miaka mitatu ya jioni za peke yenu kwenye chumba cha ghorofa ya tisa. Si kwamba mna kasoro. Nimekaa chumba kama hicho. Kilichoniponya ni mama mmoja jirani niliyekuwa nikimsumbua kila Jumamosi anifundishe maneno kumi, akanikemea kwa matamshi yangu kama mtoto wake, na kabla ya mwaka kwisha nikawa nina mtu wa kugonga mlango wake nikiugua.

Siwabebeshi lawama zote. Biashara hii yenyewe imeoza. Korea Kusini kwa kawaida hutoa viza ya E-2, ile ya walimu wa lugha, kwa raia wa nchi saba tu, Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, na shahada yoyote inatosha, hata kama hukusomea ualimu. Kwingineko hawaandiki sheria, wanaomba picha. Nimemwona mwalimu wa miaka 20 ya kazi, aliyesoma isimu, akilipwa chini ya kijana aliyeshuka kwenye ndege juzi, kwa sababu pasi ya kijana ilikuwa na rangi inayopendeza kwenye tangazo. Sekta inayomlipa mtu kwa ajili ya alivyozaliwa haiwezi kumfundisha kujifunza. Inamfundisha kukaa alivyo. Wazazi wanaolipa ada wanajua, wenye shule wanajua, mawakala wanaokula kamisheni ndio wanaojua zaidi, na kila mmoja anasema soko ndivyo linavyotaka. Aliyeumia kuliko wote ni yule mwenzetu aliyestahili kazi akaikosa. Anayefuata ni aliyeipata kwa uso, akazeeka nao.

Mengine nayataja tu. Usifanye kazi kwa viza ya utalii, hata mwajiri akiapa. China unaingia kwa viza ya Z, ndiyo ya kazi, kisha unaomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Usimwachie mwajiri pasi yako. Cheti cha saa 120 cha kufundisha Kiingereza kinakufungulia mlango, hakikufanyi mwalimu. Saudi Arabia uhusiano nje ya ndoa ni kosa la jinai. Serikali inaweza kuifuta kazi yako kwa usiku mmoja: Julai 2021 China ilipopiga marufuku masomo ya ziada ya kibiashara kwa masomo ya shule, Kiingereza kikiwamo, vituo vilifungwa na walimu wakafungasha. Kama unaendesha pikipiki, pata leseni ya pikipiki. Bima ya mgonjwa wangu ilikataa kulipa kwa kukosa hiyo tu.

Kwa hiyo mchango wa matibabu yake unaendelea, na hospitali inataka sehemu ya kwanza ilipwe Ijumaa. Ambaye hajatuma atume, hata kidogo. Na kuna jambo la pili. Katika lile jalada zimebaki karatasi mbili ambazo muuguzi hakupata nafasi ya kuzisoma. Zina mihuri, na moja ina jina la mtoto. Tuliochanga mpaka leo ni walimu 31, wote wa lugha, na sita kati yetu wameishi Thailand zaidi ya miaka mitano. Nimewauliza mmoja mmoja nani anaweza kuzisoma. Bado natafuta mtu.