Mwanangu, chomoa plagi kwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku umeninyima usingizi. Si kwa sababu mashine ya kufulia inatoa maji baridi ukiiweka kwenye moto, hilo linatengenezeka. Ni pale uliposema utaifungua mwenyewe ukitoka kazini. Chomoa plagi kwanza. Kuizima kwa swichi yake hakutoshi. Kwenye mashine za zamani waya nyingine huweza kubaki na umeme hata ikiwa kimya.

Hujambo lakini? Sisi wazima.

Nimefurahi kwamba hukuitupa kama dada yako alivyotaka. Tangu zamani huna mkono wa kutupa kitu kinachotengenezeka, na hilo nalipenda. Haraka yako ndiyo nisiyoipenda. Unashika spana kabla hujajua unatafuta nini.

Mashine hiyo haina hita. Haichemshi maji, inayapokea tu. Ile mipira miwili ya nyuma, wa moto na wa baridi, inaingia kwenye vali moja, ile inayofungua na kufunga maji, yenye koili mbili, yaani nyaya zilizozungushwa zinazoifungua kwa umeme. Ukichagua moto, koili moja inafungua njia yake. Ukichagua baridi, inafungua ya pili. Ukichagua vuguvugu, zinafungua zote. Basi usifungue kitu. Acha kwanza bomba la maji ya moto lililo karibu litiririke mpaka maji yawe ya moto kweli, maana yaliyolala kwenye bomba huwa yamepoa na ndiyo yanayotangulia kuingia. Kisha ijaze kidogo kwa moto, halafu kwa baridi, halafu kwa vuguvugu. Kila mara, kabla ya kutia mkono kupima maji, izime na uchomoe plagi. Kila mara, mwanangu, si mara ya kwanza tu.

Yakija ya baridi ulipochagua moto, na ya moto ulipochagua baridi, mipira imepishana. Ndivyo ilivyokuwa kwa sweta ya bibi yako iliyoharibika. Nilipoivuta mashine kutoka ukutani baadaye niliona mpira wa moto umefungwa upande wa baridi, na wewe wakati ule ulikuwa hujui hata koki ipi ni ipi. Maneno niliyokwambia siku ile hayakuwa yako.

Maji ya moto yakija kama uzi na ya baridi yanamwagika vizuri, mimi ningeshuku chujio. Upande wa moto huziba upesi kwa sababu maji yakipashwa moto huacha chokaa, na tangi la maji ya moto nalo hutoa kutu. Chomoa plagi, funga koki zote mbili, weka ndoo chini, legeza nati ya mpira. Kwenye mdomo wa vali utaona kichujio kidogo. Kivute taratibu kwa pulaizi, kiloweke kwenye siki, kisugue kwa mswaki wa zamani, ukirudishe. Usikubali mtu akwambie kukiacha nje ndiyo dawa. Mchanga ukiingia ndani vali haitafunga sawasawa, na mashine itakuwa inajaa maji ikiwa imezimwa. Raba za kwenye nati kama zimekauka, weka mpya.

Vichujio vikiwa safi na hali ni ileile, pima koili kwa mita ya umeme, waya zake zikiwa zimevuliwa. Koili isiyosoma chochote imeungua, na hapo badilisha vali nzima. Koili zote mbili zikisoma sawa, basi shida iko kwenye swichi ya kuchagulia maji au waya zake. Hapo mwite fundi, usijaribu.

Na kuna hii plagi yenyewe. Ilipovunjika ile ya kwanza, ikafungwa ya pini mbili, na waya wa athi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, ukakatwa na kuzungushiwa utepe. Baba yako alisema isikae hivyo. Nikamjibu ni kwa wiki moja. Umeondoka nayo hivyo hivyo, nami nikakusaidia kuipakia. Kwa hiyo hata lile jaribio la maji nililokueleza hapo juu lisubiri. Fundi umeme aweke plagi ya pini tatu, aunge athi, na ahakikishe soketi yako nayo ina athi. Mpaka hapo fua kwa mkono. Gharama ya fundi nitaitoa mimi, na usinibishie.

Mita ya baba yako imo kwenye sanduku la spana, na sanduku analo dada yako. Mwambie akuletee, na akija achukue mapazia yake, yamekaa hapa miezi. Shuka zako mbili nimezishona pembeni, nitampa yeye.

Fundi akimaliza, nipigie kabla hujalegeza nati ya kwanza. Hata iwe usiku. Nataka kusikia kwa sikio langu kwamba plagi unayo mkononi.

Mama yako