Kabla hujaandika ile barua ya kuacha kazi

Njokerio, Njoro
Jumapili usiku

Jaduong' wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumai mama watoto hajambo, na yule kijana ameacha kula udongo. Sisi tu wazima, ila mtu akikwambia Njoro kuna baridi usidhani anatia chumvi. Nimevaa soksi mbili, blanketi liko begani, na bado vidole vinagoma kushika kalamu. Ndiyo, kalamu. Stima imepotea tangu magharibi na simu imezima, ndiyo maana safari hii unapata barua.

Swali lako nimetembea nalo wiki mbili. Uache kazi uje usome uzamili wa uhandisi, au utulie hapo Kisumu?

Nianze na hili la cheo, maana naona ndilo linalokuwasha. Umesema ukipata digrii ya pili watu watakuita Injinia. Hapana, bwana. Hilo liko mikononi mwa Bodi ya Wahandisi, kwa sheria ya 2011: uwe na digrii ya kwanza inayotambuliwa, ujiandikishe kama mhandisi mhitimu, ufanye kazi miaka mitatu au zaidi, kisha wakutathmini. Uzamili hautakiwi kabisa. Miaka mitatu wewe umeimaliza zamani, ukichimbua mabomba ya Kondele kwenye tope. Kajaze fomu. Kama ni cheo tu unachokitafuta, usije Njoro kukitafuta.

Sasa masomo yenyewe. Unamkumbuka binamu yangu aliyekuja kututembelea tukiwa mwaka wa pili? Yule aliyekuwa akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja? Tulidhani ni aibu ya kijijini. Meno yake yalikuwa ya kahawia, na sisi wajuaji tukasema hapigi mswaki. Kumbe ni maji. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa inaachia madini yaitwayo floridi, na visima vingi vya upande huu vinaitoa kwa wingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema tusikipite. Mtoto akiyanywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanajengeka, rangi inaingia humohumo ndani, na mswaki hauwezi kuitoa. Halafu mama, kwa nia njema kabisa, anayachemsha. Maji yanapungua kwenye sufuria, floridi inabaki, kwa hiyo kikombe anachompa mtoto kina floridi zaidi ya kile cha kisimani.

Dawa yake ni mkaa wa mifupa. Unaichoma mifupa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, joto nyuzi kama 400 hadi 500, hadi iwe myeusi, unaisaga vipande vidogo, unaijaza kwenye ndoo na kupitisha maji. Madini ya mfupa yanaishika floridi. Hili sikuligundua mimi. Nakuru kuna watu wamekuwa wakilifanya tangu miaka ya tisini. Swali langu ni dogo zaidi: ndoo ya nyumbani itachuja siku ngapi kabla haijachoka, na mama asiye na kipimo atajuaje kwamba imechoka? Basi. Nikilisema kwenye matatu watu wananiangalia kama niliyeibiwa akili, lakini ndilo lililoniondoa kazini.

Na usifikiri lilienda vizuri. Nilizunguka mabucha ya Njoro siku nne nikigombania mifupa na wauza supu, nikapata magunia matatu. Nikatengeneza tanuri la pipa, nikawasha kwa magunzi ya mahindi, na kwa ujuaji wangu nikaacha kifuniko kimeinuka kidogo eti moto usife. Asubuhi nafungua, mifupa ni myeupe kama chaki. Nikafurahi! Nikaona ni misafi. Nikaipiga picha, nikamtumia mama. Kisha nikambebea fundi wa maabara kikombe kimoja. Akachukua kipande, akakivunja kwa vidole viwili kikawa unga, akanitazama juu ya miwani.

"Umepika chokaa," akasema.

Sikumwamini. Nikapitisha maji, nikachanganya sampuli na ile dawa ya kuituliza, nikatumbukiza elektrodi ya kupimia floridi, nikangoja namba itulie. Ilipotulia, maji yaliyotoka yalikaribiana sana na yale yaliyoingia. Hewa ilikuwa imeingia, joto likapita kiasi, mfupa ukapoteza ile nguvu ya kushika. Miezi miwili ikaenda hivyo.

Mara ya pili nikaogopa, nikaziba kila tundu kwa udongo wa mfinyanzi na kuweka moto wa aibu. Ikatoka ya kahawia. Maji yake, Jaduong', yalinukia supu. Jirani akaja kuuliza kama nimefungua hoteli. Mara ya tatu yule fundi akaja mwenyewe na kigoda chake cha kukalia, tukakesha naye tukisoma joto kila nusu saa, na alfajiri tukatoa mifupa myeusi tititi, ukiigonga inalia kama kigae. Huyo mtu hana digrii ya pili. Jina lake litakuwa la kwanza kwenye ukurasa wangu wa shukrani.

Jambo jingine ambalo halikuwamo kwenye pendekezo langu la utafiti lilinipata nyumbani kwetu Bondeni, nilipopeleka ndoo za majaribio. Mzee mmoja jirani yetu alisikiliza maelezo yote kwa adabu, kisha akauliza, "Mifupa ya mnyama gani?" Ng'ombe, mzee. "Aliyechinjwa na nani?" Nikabaki kimya na grafu zangu mkononi. Ilibidi nifunge safari naye hadi kichinjioni, aongee na mchinjaji, ambaye kumbe walisoma madrasa moja. Akarudi akaipokea ndoo. Mwanangu, mwaka mzima wa hesabu za mtiririko haukunifundisha kwamba ndoo inaweza kuishinda floridi lakini isiyashinde mashaka ya mtu kuhusu kile anachokunywa.

Mambo ya makaratasi sitakuchosha nayo. Mwaka wa kwanza ni madarasa na mitihani, utaumudu. Kisha pendekezo linapanda idara, kitivo, hadi wanaosimamia masomo ya uzamili, na kila ngazi ina mtu wa kukwambia kichwa cha tasnifu ni kirefu. Kisha kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, kabla hujabisha mlango wa mtu. Kisha makala kwenye jarida. Pesa, ndiyo, HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wana mkopo wa uzamili, lakini ni mkopo, na wewe una mtoto. Mimi naishi chumba kimoja na gunia la mifupa chini ya kitanda. Mama watoto wako hatalikubali hilo, na atakuwa na haki.

Lakini nikukumbushe usiku ule nilipokuja kwako. Ulianza kunieleza visima vya Manyatta, jinsi choo na kisima vinavyokaa uwanja mmoja, mvua ikinyesha maji yanapanda vyote viwili, na mwenye kisima anaendelea kuuza mtungi. Uliongea hadi chai ikaganda utando. Ulichora kwenye bahasha ya bili ya stima: choo hapa, kisima hapa, mteremko, mshale. Ukauliza ni umbali gani unatosha kwenye udongo ule, si ule wa vitabuni. Nikakwambia sijui. Ile bahasha bado ninayo.

Kwa hiyo usiandike barua ya kuacha kazi kwanza. Andika ukurasa mmoja kuhusu visima hivyo, uupeleke kwa mhadhiri unayeona atakusoma kwa makini. Kakamega pale Masinde Muliro kuna uhandisi, na ni mwendo wa matatu tu kutoka kwako. Ukitaka mbali zaidi kuna Moi, kuna huku kwetu Egerton. Mtafute mtu kabla ya kutafuta chuo. Huko kazini omba likizo ya masomo, maana kampuni yako inauza maji na swali lako ni la maji. Mkubwa wako akikataa hata kuusoma huo ukurasa, hapo ndipo tutaongea habari za kuacha. Na ukiona ukurasa umekushinda kuandika, au umeandika ukachoka nao wiki ya pili, baki kazini bila aibu yoyote. Mimi huu wangu umenikalia mwaka wa tatu sasa na kuna siku nauchukia.

Mwezi ujao tunawasha tanuri tena. Fundi ameniuliza kama mifupa ya samaki inaweza kufanya kazi ileile, na nikakumbuka nyinyi mna mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta iliyokwisha kutolewa minofu, pale Obunga marundo kwa marundo. Njoo Jumamosi yoyote, uniletee gunia moja, iliyokwisha kuliwa na kukaushwa juani. Uifunge kwa nailoni mbili, Jaduong', makanga wasije wakakushusha Kericho.

Wako,
Mifupa
(ndilo jina walilonipa watoto wa ploti)