Kinga ikipanda, jicho halifunguki

Mhariri,

Huku Mbeya kuna tangazo la kipaza sauti linalotusumbua masikio sokoni na stendi. Unga wa majani, unaopimwa kwa kijiko, unasemwa kuwa unapandisha kinga ya mwili na hivyo kuponya presha ya macho. Ningelipuuza kama ninavyoyapuuza mengine, ila wapo wazee ninaowaheshimu walioacha matone yao ya hospitali kwa ajili ya unga huo. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini hoja hiyo imesimama kichwa chini miguu juu.

Muuzaji yule, bila kujua, amegusa jambo la kweli: kinga ya mwili inahusika na glakoma, ndiyo hiyo presha ya macho. Ila ukijua inavyohusika, hutatamani kuipandisha.

Ndani ya jicho maji hutengenezwa muda wote na kutoka kupitia chujio dogo sana lililo ukingoni mwa sehemu nyeusi ya jicho. Chujio likigoma, maji hujaa na presha hupanda. Seli za neva za retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambazo nyuzi zake ndizo zinazounda mshipa wa fahamu wa jicho, hufa taratibu bila maumivu, na zikifa hazirudi. Mtoto wa jicho akitolewa, mtu huona tena. Glakoma haina bahati hiyo.

Lakini presha si habari yote. Mjini Tajimi, Japani, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta wagonjwa 92 katika kila 100 wa glakoma ya pembe wazi, aina ambayo njia ya maji kulifikia chujio haijazibwa, wakiwa na presha isiyozidi milimita 21 za zebaki, yaani ile inayohesabiwa kuwa ya kawaida. Wajapani wana maumbile yao, na siwachukui kuwa kipimo chetu. Hata hivyo swali linabaki: pale presha ikiwa ya kawaida, neva zinauawa na nini? Na kwa nini wagonjwa wengine huendelea kupoteza uoni hata baada ya presha kushushwa?

Sehemu ya jibu ni saitokini, protini ndogo ambazo seli za kinga huzitumia kupashana habari. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, nazo ndizo mbiu ya mwili. Retina ina seli zake za ulinzi, maikroglia, na zikihisi neva imeumia huipiga mbiu hiyo. Mwaka 2017 maabara ya Ben Barres, Chuo Kikuu cha Stanford, ilionyesha kwamba saitokini mbili, interlukini-1 alfa na TNF, pamoja na protini nyingine ya kinga, C1q, zikitolewa pamoja huzigeuza seli jirani ziitwazo astrosaiti. Hizo ndizo seli za kuzitunza neva, na zikigeuka huziua. Mwaka 2020 ikaonekana kwamba panya wasio na jeni za vitu hivyo vitatu, hata wakipandishiwa presha ya macho, seli zao za neva hunusurika kwa sehemu kubwa.

Kuna na hili la mwaka 2018, kutoka kwa watafiti wa Boston, ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Presha ikipanda kwa muda mfupi tu, seli T za kinga huingia kwenye retina na kuendelea kuharibu hata presha ikisharudi chini. Panya waliolelewa bila bakteria yoyote mwilini hawakupata madhara hayo. Inaelekea bakteria wetu wa kawaida huzifundisha seli T kuzitambua protini fulani, na protini zinazofanana nazo zinapojitokeza kwenye jicho lenye msukosuko, seli hizo hulishambulia jicho lenyewe. Hao ni panya, si bibi wa Tukuyu, na hakuna dawa ya kuzuia saitokini iliyokwisha kuruhusiwa kwa ajili ya glakoma. Lakini anayeuza unga wa kupandisha kinga aniambie anapandisha ipi.

Asitokee na mwingine kesho akauza dawa ya kuizima. Saitokini hizohizo zinaaminika kufanya kazi njema katika tiba ya leza iitwayo SLT. Mwanga wa leza ukigusa lile chujio, seli zake hutoa interlukini-1 na TNF, ambazo huamsha vimeng'enya vya kulisafisha na kuita seli za kuondoa taka, na maji yakapata njia. Hili halikujaribiwa ughaibuni tu. Katika utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2021, baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefanikiwa kwa macho 61 katika kila 100, na matone ya timololi, dawa ya kushusha presha ya macho, kwa 31.

Kuzima kinga kiholela tayari tunakufanya, tena kwa watoto, na hapo ndipo ninapokasirika. Kuanzia Agosti vumbi linapotanda, watoto huwashwa macho. Mama anakwenda duka la dawa, anapewa matone yenye steroidi kama deksamethasoni bila cheti, na kesho yake mtoto ametulia. Ametulia kwa sababu steroidi imezinyamazisha saitokini. Mama anarudi kununua tena, na tena. Kwa baadhi ya watoto, wiki zikipita chujio hukakamaa, presha hupanda, na mtoto hawezi kusema kuwa haoni pembeni kwa sababu hajui kwamba watu huona pembeni. Daktari wa macho akiandika dawa hiyo ana sababu zake, naye humwita mgonjwa ampime presha. Duka la dawa halimwiti mtu.

Kwa wasomaji: mwenye matone asiyaache, maana kushusha presha ndiyo tiba iliyothibitika hadi leo, hata kwa mwenye presha ya kawaida. Ukienda kliniki usiridhike na namba ya presha. Omba mshipa wa fahamu uangaliwe. Vijijini Kongwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta takriban watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea wana glakoma. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huo, usisubiri dalili.

Nawe mhariri, una waandishi mikoani. Watume wakaulize mgonjwa wa Songwe, Njombe, Iringa au Rukwa anaipata wapi hiyo tiba ya leza, kwa shilingi ngapi, na kama bima inailipia. Majibu yachapishwe humu.

Mwalimu wa baiolojia,
Uyole, Mbeya