Matembezi ya Jumamosi: mahali pa kukutana pamebadilika

Wapendwa, tukutane saa tatu kamili asubuhi kwenye sanamu ya Tom Mboya, aliyekuwa waziri, Moi Avenue, Nairobi, si kule nilikosema juzi. Wengi tunapajua kwa kungojana tu, ilhali Mboya alipigwa risasi barabara hiyo hiyo Julai 5, 1969, akitoka duka la dawa. Jengo jirani, lililokuwa Hoteli ya Hilton, ndiko mbunge J.M. Kariuki alikoonekana mara ya mwisho akiwa hai, akitoka, Machi 2, 1975. Mwili wake ukapatikana Ngong. Tutamalizia Nyayo House, jengo la serikali: juu foleni ya pasipoti, chini vyumba vilivyokuwa vya mateso. Nimepanga foleni hiyo mara mbili, nikilalamikia picha yangu mbaya, bila kufikiria kilicho chini ya miguu. Chini hatushuki, tutasimama nje. Simu zikae mfukoni tafadhali. Atakayechelewa anipigie.