YAH: MALALAMIKO KUHUSU TATHMINI NA BIMA YA PETE YANGU YA ALMASI

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Bima,
Tawi la Mwanza.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa mimi heshima hiyo sikuipata ofisini kwako. Masharti ya bima ya vito mnayajua, mmeyaandika wenyewe, kwa hiyo sitapoteza muda kuyaeleza. Nataka ujue kilichofanyika kwenye kaunta yenu ya tathmini, kisha uniambie kama ndivyo mlivyokubaliana kuwapokea wateja.

Nilifika na pete kidoleni, cheti cha GIA, maabara inayopima almasi, na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, vikiwa kwenye mkoba. Kijana wa kaunta akaniambia niivue, nikaivua. Akainyanyua juu, foleni nzima ikiona, akauliza kwa sauti: "Mama, hii umenunua mwenyewe au umepewa?" Sijajibu, akaigusa na kile kipimo cha almasi chenye umbo la kalamu. Kikalia. Akasema, "Siku hizi hata feki zinalia," akaitumbukiza kwenye kisahani cha plastiki na kupotea nayo mlango wa nyuma. Hakuniachia hata kipande cha karatasi. Zaidi ya ile kalamu, hakupima chochote mbele yangu. Cheti hakukiomba.

Ni kweli kalamu ile hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto tu, na moisanaiti, jiwe linalofanana na almasi, huidanganya. Hilo nalijua, na ndiyo sababu nilibeba cheti. Namba ya cheti imechongwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe. Mthamini anachukua kioo cha kukuza mara 10, anaisoma, anailinganisha na karatasi, basi. Wenu hakuhitaji namba. Alitazama kanga niliyojifunga na ndala nilizovaa, akapata jibu.

Sasa hiyo tathmini yenyewe. Cheti kinasema karati 1.02, rangi G, usafi VS2. Karatasi yenu inasema karati 0.96, rangi I, usafi SI2, yote ya daraja la chini kuliko ya cheti, na pembeni mmeandika kwamba uzito "umepimwa kwa mizani". Mizani gani, Ndugu Mkurugenzi? Jiwe lilikuwa ndani ya pete, limekamatwa na kucha nne za dhahabu, na lilirudi likiwa vilevile. Jiwe lililo kwenye pete halipimwi kwa mizani. Hukadiriwa kwa kupima kipenyo na kina chake, na mthamini mkweli huandika kwamba amekadiria. Rangi nayo haisomeki sawasawa jiwe likiwa limezungukwa na dhahabu ya njano, maana ule unjano huingia ndani ya jiwe. Kwa sababu hiyo maabara hupima jiwe likiwa tupu, kabla halijafika kwa sonara. Mthamini wenu alikuwa na njia mbili: kukubali cheti, au kuniomba ruhusa jiwe litolewe. Akachagua ya tatu, ya kubuni.

Na tofauti ya 0.96 na 1.02 si ndogo. Karati moja ni gramu 0.2 tu, lakini anayeuza almasi yeyote atakuambia kwamba bei inaruka pale jiwe linapofika karati moja kamili.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Jiwe mmelishusha kila kipengele, kisha thamani mkaipandisha. Nimelinunua kwa shilingi milioni 14.5, na risiti ipo. Ninyi mmeandika milioni 21. Mtu asiyejua angefurahi. Mimi nimekaa na mkataba wenu usiku, nikausoma mpaka mwisho, na kipengele cha fidia kinasema pete ikipotea kampuni inayo hiari ya kuleta jiwe lingine "lenye sifa kama zilivyoandikwa kwenye tathmini". Kwa hiyo ada ya asilimia 2 mnatoza kwa milioni 21, yaani shilingi 420,000, wakati kwa bei niliyonunulia ingekuwa 290,000. Siku pete ikiibiwa, mtaniletea jiwe la 0.96, rangi I, SI2. Ada ya jiwe kubwa, fidia ya jiwe dogo. Na mthamini naye amelipwa asilimia 1.5 ya thamani aliyoiandika mwenyewe, shilingi 315,000 kutoka mfukoni mwangu. Mtu anayelipwa kwa asilimia atashusha thamani kwa sababu ipi? Mthamini hulipwa kwa kazi yake, kiasi kinachojulikana kabla hajagusa jiwe.

Narudi pale kaunta, kwa sababu meneja wa tawi aliponipigia simu alisema eti "ni mawasiliano tu hayakwenda vizuri". Hapana. Binti yangu alikuwa amesimama pembeni yangu. Kijana aliinyanyua pete kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kitu njiani, akauliza kama nimenunua au nimepewa, na mwanamume mmoja kwenye foleni akacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, nimenunua, risiti hii hapa." Hakugeuka. Mlango ukafungwa nyuma yake, nami nikabaki nimesimama na alama ya pete kwenye kidole, sina stakabadhi wala sijui jiwe langu liko mikononi mwa nani. Nilipogonga ule mlango, mlinzi akaniambia nirudi nikakae. Nikasikia watu wakicheka ndani. Sijui walichokuwa wakicheka, lakini nilisikia. Pete ilirudi imeviringishwa kwenye tishu. Binti yangu ndiye aliyeikagua kama ni yenyewe, maana mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Je, ingebadilishwa humo ndani, ningethibitishaje? Kwa karatasi ipi?

Mimi ni mtu wa Shinyanga. Mgodi wa Mwadui ni jirani zetu, na almasi imechimbwa pale tangu Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, alipoigundua mwaka 1940. Mwaka 1947 ikatoka pale almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5, ikapelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia. Mawe yametoka ardhini kwetu miaka yote hiyo, na leo mwanamke wa huko huko, aliyeuza mpunga wake na kulipa kwa risiti, anaulizwa mbele za watu nani kampa.

Mwanzoni nilitaka mambo mawili tu: tathmini isahihishwe ifuate cheti, na kijana yule aniombe radhi. Hayo niliyasema kwa mdomo, kwa upole, na meneja akaniahidi kunipigia. Hakupiga. Kwa hiyo sasa nataka pia ada ya tathmini yote irudi, shilingi 315,000, pamoja na shilingi 130,000 mlizozidisha kwenye bima. Radhi iwe ya maandishi, kwa barua yenye saini yako wewe, si ya kijana. Na pale kaunta pawekwe utaratibu: kito kikaguliwe mbele ya mwenye nacho, na kikilazimika kwenda ndani, atoke na stakabadhi yenye vipimo na namba ya cheti.

Kadiri ninavyoandika naona hata hayo hayatoshi. Siwezi kuacha mali yangu chini ya mkataba uliojengwa juu ya vipimo vya kubuni. Ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, mkataba usahihishwe na fedha zirudi. Siku hizo zikipita, nauvunja mkataba, nadai ada yote niliyolipa, na faili lote litakwenda TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima: cheti, risiti, tathmini yenu na maelezo ya binti yangu yenye saini. Wakili wangu ameshaiona hiyo karatasi inayosema "umepimwa kwa mizani". Ameniambia niitunze vizuri.

Picha za kamera ya kaunta za siku ile zisifutwe. Naomba hilo mlithibitishe kwa maandishi wiki hii.

Wako,

Mteja (jina na namba ya mkataba vimo kwenye kiambatisho)

Nakala: Meneja wa Tawi, Mwanza
Wakili wangu