Mama Yuko Gorofa ya Nne

Umoja, Nairobi

Kwako Rehema,

Uliponiuliza hali ya Mama kwenye simu nilikujibu "yuko tu" kwa sababu alikuwa kando yangu. Sasa amelala, wacha nikueleze.

Presha imetulia, sukari pia, na dawa anameza bila kusukumwa. Kinachomwumiza ni ngazi. Tangu magoti yaanze kumsumbua hashuki ila siku ya kliniki, kijana wa jirani akimshika mkono huu na mimi ule, tukipumzika kila gorofa. Lifti hamna, ploti hizi zimejengwa kana kwamba mpangaji hazeeki. Daktari ameonya kwamba kukaa kitako kunamaliza misuli ya miguu, na miguu ikilegea mtu huanguka. Nyonga ikivunjika katika umri wake, wengi hawarudii kutembea kama zamani. Basi jioni namtembeza varandani, akininung'unikia kama mtoto wa chekechea.

Kule Machakos alikuwa na kikundi cha akina mama, kanisa, mbuzi na kesi za majirani za kuamua. Hapa ana televisheni. Raha yake iliyobaki ni kikapu: anakiteremsha kwa kamba hadi kwa mama mboga, kisha wanabishania bei ya sukuma ploti nzima ikisikia. Masikio yamepungua nguvu. Kaka yangu alishaanza kusema eti Mama anasahausahau, kumbe swali lenyewe hakulisikia! Naambiwa uziwi usiposhughulikiwa huongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu kwelikweli, ndiyo maana sasa tunachangia kifaa cha kusikia.

Watu hudhani uzee ni shida ya Japani. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 waliofikisha miaka 60, na wanaongezeka. Lakini kinachonikosesha usingizi ni hesabu nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke Mkenya alizaa kwa wastani watoto karibu wanane. Utafiti wa 2022 ulikuta 3.4. Mama alizaa saba, na bado zamu imeniangukia mimi, binti aliye Nairobi. Wengine hutuma M-Pesa na pole. Wewe na mimi tumeishia wawili wawili, Rehema. Nani atatushika mkono ngazini?

Kwa kuwa amepita miaka 70, Mama yumo kwenye Inua Jamii, ule msaada wa Serikali kwa wazee, Sh2,000 kwa mwezi. Hazimlipi dada wa kazi hata wiki moja. Kifungu cha 57 cha Katiba kinataka mzee atunzwe na familia na Serikali, ila katika nyumba hii familia ni mimi, na mimi naripoti kazini saa mbili asubuhi.

Natafuta nyumba ya chini, hata iwe Kayole, mradi ina kibaraza na kanisa liko karibu. Ukisikia yoyote, kodi isizidi elfu kumi na tano, nipigie upesi. Na ukija kumwona, kaa upande wa sikio la kulia.

Wako,
Mumbua