Barua ya wazi kwa Kamanda wa Polisi: Askari mgeni apewe mkongwe wa kumfunza kazi

Afande Kamanda,

Kwa heshima na taadhima. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Langoni hapa Lamu. Nimenyamaza mengi, lakini wiki jana mwanangu amelala seli siku mbili na kosa lake mpaka leo sijaambiwa.

Alitoka nyumbani saa tisa usiku kuwahi maji. Mvuvi hafuati saa ya ukutani, hufuata kupwa na kujaa. Alikuwa na tochi, mshipi na kisu cha kukatia chambo. Kipande, yaani kitambulisho, alikiacha sandukuni, maana cha kwanza kiliharibiwa na maji ya chumvi. Kichochoroni akakutana na askari wawili vijana, wote wageni. Wakamuuliza anakwenda wapi. Akajibu kama tujibuvyo sisi Waamu: "Nenda pwani." Yaani, naenda pwani. Wao wakasikia kuwa wanaamrishwa waende pwani wao! Kofi la kwanza likamshukia hapo hapo.

Neno moja, Afande. Lau kati yao pangekuwa na mkongwe mmoja aliyekaa Lamu hata mwaka, angecheka tu na mwanangu angeshika njia yake. Badala yake mashua iliondoka bila yeye, na barafu niliyoikopa ikayeyuka ndani ya kasha pale gatini. Deni hilo nalilipa kwa pensheni.

Asubuhi nilikwenda kituoni na chupa ya chai, nikaomba namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Kijana wa zamu alifungua kitabu, akapitisha kidole ukurasa mzima, jina halimo. Hakunijibu kwa ujeuri. Alishika kalamu, akaitua, akaishika tena. Nikaona hajui aandike nini, na hakuna wa kumuuliza. Naye ni mtoto wa mtu. Nilimhurumia, na hasira ikanizidi.

Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 yasema aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoifahamu, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Mwanangu alikamatwa Jumanne alfajiri, akaachiliwa Alhamisi magharibi, bila shtaka. Ibara ya 244 yataka polisi wafunzwe kwa kiwango cha juu na waheshimu haki za binadamu. Sidhani mafunzo hayo yanaishia siku ya kufuzu chuo cha polisi cha Kiganjo. Huko kurutu hufunzwa gwaride, bunduki na sheria. Vichochoro vya Mkomani na lugha ya wazee wa barazani atavijulia wapi? Nahisi wanaletwa huku haraka kwa sababu ya hofu ya mpakani na Somalia. Hofu hiyo twaijua. Tangu watu walipouawa Mpeketoni, Juni 2014, hakuna wa kutueleza faida ya usalama. Lakini askari asiyemjua mvuvi atamjuaje adui?

Ulituahidi barazani, mwezi wa Ramadhani, kuwa kila askari mgeni atatembezwa mitaani na mwenzake mkongwe miezi mitatu. Tulikupigia makofi. Yuko wapi huyo mkongwe?

Mimi nilipotoka chuoni sikupewa darasa peke yangu. Mwalimu mkuu alikaa nyuma na daftari, akaniandikia kila nilipokosea. Polisi wa San Jose, Marekani, wana utaratibu kama huo tangu 1972: askari mpya hufanya zamu chini ya jicho la mzoefu, na mzoefu huandika kila siku alivyofanya. Daftari na mtu wa kuliandika, Afande. Hivyo tu.

Sitaki vijana wale wafukuzwe. Nataka wafunzwe, hapa, na watu wanaopajua hapa.

Bamvua, yale maji makuu ya bahari, linaanza Jumamosi. Mwanangu atapita kichochoro kile kile saa tisa usiku, na kisu kile kile. Nakuomba, usiku huo awepo mkongwe.

Wako mtiifu,
Mama wa Langoni